Mfungwa wa Osijek na Mvua za Pangea

SEHEMU YA KWANZA

Mlango wa chuma ulifungwa, ufunguo ukazungushwa kwenye kufuli zito, na Milutin Milanković akabaki peke yake ndani ya chumba cha ngome ya Osijek. Ilikuwa mwaka 1914, na ngome hiyo ilikuwa mali ya himaya ya Austria na Hungaria. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu amwoe Kristina Topuzović. Maharusi walikuwa wamekwenda fungate Dalj, kando ya mto Danube, alikozaliwa bwana harusi mwaka 1879. Huko ndiko vita ilikowakuta. Milanković alikuwa profesa wa hisabati Belgrade na raia wa Serbia, na Serbia ilikuwa imeshatangazwa kuwa adui. Hakuiba, hakuua, hakupeleleza. Uraia wake ulitosha.

Mtu mwingine angelia, au angepiga mlango mateke. Yeye, kama alivyosimulia baadaye katika kumbukumbu zake, aliketi kitandani, akakizungushia macho chumba kile, kisha akakumbuka sanduku lake dogo. Ndani yake kulikuwa na karatasi za hesabu alizokuwa ameanza kabla ya harusi. Akazitoa, akashika kalamu, akaandika mpaka usiku ukawa mkubwa.

Alikuwa akitafuta kitu ambacho wengi walikiona hakiwezekani. Alitaka kuijua hali ya hewa ya Dunia, ya leo na ya zamani, kwa hesabu peke yake, akianzia kwenye mwanga wa Jua na mwendo wa Dunia angani, bila kipimajoto na bila kituo cha hali ya hewa.

Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, maana bila jambo hili simulizi yote itampita. Dunia haiendi angani kwa mwendo mmoja usiobadilika. Kwanza, njia yake ya kulizunguka Jua hubadilika umbo. Kuna nyakati inakaribia duara kamili, na nyakati inabonyea kidogo, kisha inarudi. Hilo huchukua takribani miaka 100,000, na juu yake upo mzunguko mwingine mrefu zaidi, wa miaka 405,000. Ukumbuke huo wa 405,000, tutakutana nao tena. Pili, mhimili wa Dunia huinama na kuinuka kati ya nyuzi 22.1 na 24.5, kwa mzunguko wa miaka 41,000. Tatu, mhimili huo huo huyumba kama pia inayokaribia kulala, na kuyumba huko ndiko kunakoamua ni mwezi gani Dunia itakuwa karibu zaidi na Jua. Siku hizi ni mwanzoni mwa Januari, tukiwa kilomita milioni 147 kutoka Jua. Mwanzoni mwa Julai tunakuwa kilomita milioni 152. Miaka 11,000 hivi iliyopita ilikuwa kinyume. Mzunguko mzima ni wa miaka 20,000 na ushei.

Wazo kwamba miendo hii huleta zama za barafu halikuwa jipya. James Croll, Mskoti aliyekuwa mhudumu wa jengo la chuo na makumbusho Glasgow, aliandika juu yake tangu miaka ya 1860, tena kwa akili ya kujisomea mwenyewe. Lakini hesabu zake hazikulingana na ushahidi wa ardhini, na kufikia 1914 wasomi walikuwa wamemweka kando. Milanković aliamini kosa halikuwa kwenye wazo. Hesabu haikuwa imefanywa mpaka mwisho, basi.

Mkewe hakukaa akisubiri. Alipeleka ombi Vienna kwa Emanuel Czuber, mwalimu wa zamani wa mumewe, na Czuber akatumia jina lake. Kabla mwaka haujaisha mfungwa akaruhusiwa kuhamia Budapest, kwa sharti la kuripoti polisi na kutotoka mjini. Huko akafunguliwa milango ya maktaba ya Chuo cha Sayansi cha Hungaria, na humo ndimo alimopitishia vita nzima. Wenzake walikuwa wakifa kwenye mahandaki. Yeye alikuwa akihesabu joto la Dunia na hata la Mirihi.

Mwaka 1920 hesabu zile zikatoka Paris kama kitabu, kwa Kifaransa. Si wengi waliokisoma.

Ila mwaka 1922 postikadi ikafika Belgrade kutoka Hamburg. Aliyeiandika alikuwa mzee aliyekaribia miaka 76, bingwa wa hali ya hewa ambaye jina lake lilitosha kuinua au kuzika kazi ya mtu. Na chini ya paa la mzee huyo aliishi mkwe wake, mtu ambaye maprofesa wa nusu ya Ulaya walikuwa wakimcheka kwa kudai kwamba mabara yote yaliwahi kuwa nchi kavu moja.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Milanković, aliyekuwa mfungwa wa vita, amepokea postikadi kutoka Hamburg. SASA ENDELEA.

Mzee huyo alikuwa Wladimir Köppen. Yeyote aliyesoma jiografia ya sekondari amekutana naye, maana mgawanyo wake wa tabianchi za dunia bado unafundishwa. Mkwe wake alikuwa Alfred Wegener.

Köppen alikisoma kitabu cha Mserbia akaona thamani yake. Tena alikuwa na jibu la swali lililomwangusha Croll: ni majira gani yanayolea barafu? Croll alidhani ni kipupwe kikali. Köppen akasema hapana. Nchi za kaskazini zina baridi ya kutosha kila kipupwe, theluji itaanguka tu. Kinachoamua ni kiangazi. Kiangazi kikiwa cha ubaridi, theluji ya mwaka huu haiyeyuki yote, ya mwakani inaikuta, na barafu inapanda mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hesabu ifanywe ya mwanga wa Jua wa kiangazi, kwenye latitudo za juu za kaskazini.

Milanković alikaa chini. Kwa takribani siku 100, asubuhi mpaka usiku, alihesabu kwa mkono mwanga wa kiangazi katika nyuzi 55, 60 na 65 kaskazini, kurudi nyuma zaidi ya miaka 600,000. Akachora mistari ya kupanda na kushuka, akaituma Hamburg. Köppen aliona mabonde ya mstari yakikaa karibu na zama za barafu zilizokuwa zimetambuliwa kwenye milima ya Alps. Mwaka 1924 yeye na Wegener wakatoa kitabu juu ya tabianchi za kale, na mchoro ule ukawekwa humo.

Sasa tumtazame mkwe. Wegener alikuwa ametamka wazo lake hadharani Frankfurt, Januari 1912, na kulitolea kitabu mwaka 1915. Aliona mjusi wa majini Mesosaurus amezikwa Brazil na kusini mwa Afrika, na haiwezekani awe ameogelea bahari nzima. Aliona mmea Glossopteris katika Afrika, India, Amerika ya Kusini na Australia. Aliona mikwaruzo ya barafu ya kale kwenye miamba ya nchi ambazo leo zinaungua kwa jua. Makaa ya mawe ya Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, ni masalia ya mimea ya bara hilo hilo moja. Bara hilo tunaliita Pangea. Lilienea kutoka karibu na ncha moja ya Dunia hadi nyingine, na upande wake wa mashariki lilikumbatia ghuba pana ya bahari iitwayo Tethys.

Katika kitabu hicho kimoja cha 1924, basi, yalikuwemo mawazo mawili makubwa, la njia ya Dunia angani na la bara lililovunjika. Yalilala kati ya majalada yale yale bila kuamkiana. Kwangu mimi hii ni moja ya nafasi za kusikitisha zaidi zilizopotea katika sayansi ya karne iliyopita, ingawa siwezi kuwalaumu. Mstari wa Milanković uliishia miaka 600,000 na kitu. Pangea ilianza kupasuka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Na palikuwa na kikwazo kingine kigumu zaidi: katika zama zake za mwisho, Pangea haikuwa na barafu ya kujaa na kuyeyuka. Dunia nzima ilikuwa na joto. Kama kazi ya miendo ya angani ni kukuza na kupunguza barafu, itafanya nini kwenye nchi isiyo na barafu?

Wegener hakuishi kulisikia jibu. Tarehe 1 Novemba 1930, siku aliyotimiza miaka 50, aliondoka kambi ya katikati ya Greenland pamoja na Rasmus Villumsen, mzaliwa wa huko, wakielekea pwani. Hawakufika. Mwili wa Wegener ulipatikana Mei mwaka uliofuata, umezikwa kwa heshima kwenye theluji. Villumsen, aliyemzika, hakuonekana tena kamwe.

Milanković aliendelea peke yake. Alikusanya kazi ya maisha yake katika kitabu kimoja cha Kijerumani chenye kurasa zaidi ya 600, na mwanzoni mwa 1941 kikaingia mtamboni Belgrade. Kurasa zikachapwa. Zilibaki kazi za mwisho tu, kukunja na kushona.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 6 Aprili 1941, ndege za Ujerumani zilitanda juu ya Belgrade. Nyumba ya uchapaji ilikuwa miongoni mwa majengo yaliyoangushwa.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Mabomu yameangukia Belgrade, na nyumba ya uchapaji imebomolewa. SASA ENDELEA.

Mtambo uliharibika, jengo likaanguka, lakini karibu karatasi zote zilizokwisha kuchapwa zilikuwa ghalani, na ghala lilisalimika. Kitabu kikatoka. Dunia, hata hivyo, haikuwa na muda nacho, na baada ya vita wanajiolojia wengi wakakigeuzia kisogo. Vipimo vipya vya umri wa masalia havikuonekana kulingana na mistari yake. Milanković alifariki mwaka 1958, hoja yake ikiwa imetiwa shaka na wengi.

Sasa tuvuke Atlantiki. Mwaka 1946, katika Chuo Kikuu cha Princeton, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mafundi walikuwa wakichimba msingi wa maktaba mpya, Firestone. Ndani ya mwamba mweusi walikuta samaki. Mamia ya samaki wadogo, wamebanwa, wengi wakiwa wazima na magamba yao. Jina lao la kisayansi ni Diplurus newarki, na ukoo wao ni ule ule wa silikanti.

Wavuvi wa Tanga hawahitaji kuelezwa silikanti ni nani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wamewatoa kwenye nyavu za jarife, samaki wazito wa buluu wenye mapezi mithili ya miguu, mpaka ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Mpaka mwaka 1938, mmoja alipovuliwa Afrika Kusini, wasomi walidhani ukoo huo ulitoweka pamoja na dinosauri. Wale wa Princeton walikuwa wa maji baridi, na waliishi miaka zaidi ya milioni 200 iliyopita, katika ziwa.

Kuhusu ziwa hilo kuna mengi ya kusema. Pangea ilipoanza kuchanika, yalitokea mabonde ya ufa, ya aina ile ile ya Bonde letu la Ufa, na katika mojawapo, bonde la Newark, maji yalikusanyika. Wakati huo eneo hilo lilikuwa kaskazini kidogo ya ikweta. Matope yalishuka, yakajaa, yakageuka mwamba wenye unene wa maelfu ya meta. Sogea karibu na ukuta wa machimbo ya huko uutazame kuanzia chini. Kuna tabaka jekundu la tope lililopasuka kwa ukavu, na juu ya nyufa zile zipo nyayo za wanyama waliolitembelea. Juu yake tope la kijivu, maji yameanza kurudi. Juu zaidi mwamba mweusi unaochanika kurasa kwa kurasa, nyembamba kuliko ukucha, na ndani yake samaki wazima: hapo ziwa lilikuwa na kina kirefu kiasi kwamba chini hakukuwa na hewa, hakuna mdudu wa kumla maiti wala wa kuvuruga tope. Kisha kijivu tena. Kisha jekundu, nyufa, nyayo. Meta chache tu za mwamba, halafu hadithi inaanza upya. Na upya. Na upya tena, mamia ya mara.

Ni nani aliyekuwa akilijaza na kulikausha ziwa hilo?

Mtu wa pwani ana nafasi nzuri ya kulielewa jibu, kwa sababu anaishi kwa kaskazi na kusi. Pepo hizi hutokea kwa kuwa nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari. Hewa ya bara inapanda, ya baharini inavutwa kujaza nafasi, na huja na unyevu. Sasa fikiria nchi kavu yote ya Dunia imekusanyika pamoja, nusu kaskazini na nusu kusini mwa ikweta, na bahari moja ya joto imeingia ubavuni mwake. Mwaka 1989 John Kutzbach na Robert Gallimore waliiweka Pangea kwenye kompyuta, na kilichotoka kilikuwa monsuni ya ukubwa ambao Dunia ya leo haina.

Monsuni ya namna hiyo haihitaji barafu ili isikie mabadiliko ya angani. Dunia ikiwa karibu na Jua wakati wa kiangazi cha kaskazini, upande wa kaskazini wa Pangea unachemka zaidi, unavuta upepo kwa nguvu zaidi, mvua zinamiminika na ziwa linafurika. Miaka 10,000 baadaye mhimili umeyumba, kiangazi cha kaskazini kinaikuta Dunia iko mbali, upepo unalegea, ziwa linakuwa uwanja wa tope. Umbo la njia nalo lina kauli yake. Njia ikiwa karibu na duara, hakuna mwezi wa kuwa mbali wala karibu, hivyo kuyumba kwa mhimili hakuna meno. Njia ikibonyea, mafuriko yanakuwa makubwa na ukame unakuwa wa kutisha. Jambo hili lilitokea hata jana, kwa kalenda ya miamba: miaka 10,000 hivi iliyopita kiangazi cha kaskazini kilikuwa karibu na Jua, Sahara ikawa na nyasi na viboko, na Ziwa Turkana lilisimama juu zaidi ya usawa wake wa leo kwa makumi ya meta.

Basi utaratibu wa tabaka za Newark ulimvutia mapema mtu mmoja, Dean McLaughlin wa Chuo Kikuu cha Michigan. Alitumia miaka mingi akichora ramani ya mistari myekundu na ya kijivu katika Pennsylvania na New Jersey, akaona kwamba mizunguko midogo imekusanyika katika makundi makubwa. Kazi yake ya mshahara ilikuwa unajimu wa nyota. Mchana akishika mwamba, usiku akitazama anga. Lakini aliyeweka kwenye maandishi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwamba mizunguko midogo ya ziwa ni kuyumba kwa mhimili wa Dunia ni Franklyn Van Houten wa Princeton.

Hoja ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na shimo. Juu kabisa ya bonde kulikuwa na lava inayopimika umri. Chini yake, maelfu ya meta za tope, hapakuwa na majivu ya volkano ya kupimia. Ukihesabu tabaka bila tarehe ya kushikilia, mpinzani atakuuliza: nani kakuambia kila moja ni miaka 20,000, na si 5,000 au 50,000? Van Houten hakuwa na la kumjibu.

Aliyekuja kulitafuta jibu hilo alikuwa na miaka 14 tu mwaka 1968, na wakati huo alikuwa ameinama juu ya unyayo wa dinosauri katika machimbo ya New Jersey, mahali palipokuwa pakisubiri kujengwa nyumba.

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA: Tabaka za ziwa la Pangea hazina tarehe, na kijana mmoja amekuta nyayo kwenye machimbo. SASA ENDELEA.

Kijana huyo ni Paul Olsen. Yeye na rafiki yake walikuta nyayo hizo Roseland, wakazikusanya, wakazipima, na walipoona eneo litafukiwa wakaanza kuandika barua. Olsen alitengeneza nakala ya unyayo mkubwa akampelekea Rais Richard Nixon. Sehemu ya machimbo ikaokolewa. Sijui wazazi wangapi wangemwacha mtoto wao ajifungie kutengeneza unyayo wa mnyama kwa ajili ya Ikulu. Wa kwake walimwacha, na jiolojia ikapata mtu.

Mwaka 1976, Milanković akiwa kaburini miaka 18, James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walisoma tope lililotolewa sakafuni mwa Bahari ya Hindi ya kusini, wakaukuta mpigo wa mizunguko yake yote mitatu. Mfungwa wa Osijek alikuwa sahihi, angalau kwa miaka nusu milioni ya karibuni. Olsen alitaka kurudi nyuma zaidi, mpaka Pangea.

Kuta za machimbo hazitoshi kwa kazi hiyo, kwa kuwa zinaonyesha kipande hapa, kipande pale, na katikati nyasi na barabara. Dawa ni kutoboa. Kati ya 1990 na 1993, Olsen na Dennis Kent, bingwa wa usumaku wa miamba, waliongoza uchimbaji katika vituo saba vya bonde la Newark. Zilitoka takribani meta 6,770 za miche ya mwamba, minyoofu, mpangilio wake haujavurugwa. Iliwekwa kwenye masanduku, ikasomwa rangi kwa rangi, nyufa kwa nyufa, kina cha ziwa kikikadiriwa kila hatua.

Waliona kila kitu ambacho njia ya Dunia ingetabiri. Mpigo mdogo wa miaka 20,000, makundi ya miaka 100,000, na juu ya yote yale makundi makubwa aliyoyachora McLaughlin, yakijirudia kwa zaidi ya miaka milioni 20. Leo makundi hayo yanaitwa kwa jina lake. Hesabu ilisema kila moja ni miaka 405,000.

Kwa nini huo mrefu ndio wa kutegemewa? Kwa sababu unaletwa na sayari mbili, Zuhura na Mshtarii. Zuhura iko karibu nasi. Mshtarii iko mbali, lakini uzito wake unazidi wa sayari nyingine zote zikijumlishwa. Zikipishana kwenye njia zao huivuta Dunia, njia yetu inabonyea na kunyooka, na kwa vile Mshtarii haiyumbishwi kirahisi na yeyote, mvuto huo haubadiliki. Wahesabu wa anga walikuwa wameshasema hivyo. Ila hesabu ni hesabu. Nani alikuwepo miaka milioni 215 iliyopita akashuhudia?

Na shimo la Van Houten lilikuwa bado wazi. Hakuna majivu Newark. Kent na Olsen wakageukia Arizona, kwenye hifadhi ya Petrified Forest, yenye magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Miamba yake ni ya kipindi kile kile cha ziwa la Newark, kiitwacho Triasiki. Haina ziwa zuri wala mizunguko inayosomeka kirahisi, lakini ina kile ambacho Newark ilikosa: chembe za zirkoni kutoka volkano. Zirkoni inapoganda hufungia urani ndani yake, na urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana. Pima viwili hivyo, umepata umri.

Mwaka 2013 mtambo ukatoboa zaidi ya meta 500. Kilichobaki kilikuwa kuunganisha sehemu mbili zilizo pande mbili za nchi. Hapo ndipo ujuzi wa Kent ulipohitajika. Ncha ya sumaku ya kaskazini na ya kusini za Dunia hubadilishana nafasi mara kwa mara kwa vipindi visivyo na mpangilio, na tope linapotulia, chembe zake za chuma hujielekeza kwa sumaku ya wakati huo. Mageuzi yale yale yaliandikwa Arizona na New Jersey kwa wakati mmoja. Mpangilio wa mageuzi ya Arizona, ambao sasa ulikuwa na tarehe, ukawekwa kando ya ule wa Newark, uliokuwa na mizunguko.

Majibu yalichapishwa Mei 2018. Tarehe na mizunguko vilikubaliana. Mzunguko wa Zuhura na Mshtarii ulikuwa wa miaka 405,000 enzi za Pangea, kama ulivyo leo. Miaka milioni 215, na mpigo haujapotea. Swali lililolala kati ya majalada ya kitabu cha 1924 likawa limejibiwa: bila kipande cha barafu, miendo ya angani ilitawala bara zima kwa mvua.

Ila miche ile ilikuwa na habari nyingine, na hii hakuna aliyeweza kuipata kwa kalamu. Upo mzunguko mrefu zaidi unaoletwa na Mirihi na Dunia. Leo unachukua miaka milioni 2.4. Katika tope la Newark unasomeka miaka milioni 1.75. Jacques Laskar wa Paris alikuwa ameonyesha mwaka 1989 kwamba mfumo wa sayari za ndani una vurugu iliyojificha: tofauti ndogo mno ya leo hukua mpaka, ukipita miaka milioni 60 hivi nyuma, hakuna kompyuta inayoweza kusema sayari zilikaaje. Hisabati ya Milanković ina ukuta wake hapo. Mwaka 2019 Olsen, Kent, Laskar na wenzao walionyesha kwamba tope la ziwa la Pangea linatupeleka ng'ambo ya ukuta huo. Sasa wanajimu ndio wanaokuja kuwauliza wachimba miamba Mirihi ilipita wapi.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi. Ukiifuata miche kutoka chini kwenda juu, mvua na ukame vinapokezana kwa utulivu, samaki, nyufa, nyayo, samaki. Nyingi za nyayo hizo ni za jamaa wakubwa wa mamba, wenye nchi wa siku zile. Za dinosauri ni ndogo. Halafu, kwenye miaka milioni 201.5 iliyopita, tope linakatika ghafla na unakutana na basalti nyeusi. Ni ukingo wa lava iliyomwagika pale Pangea ilipochanika, na mabaki yake yamelala leo Marekani, Moroko, Brazil na Afrika Magharibi. Watafiti wamehesabu mizunguko ya ziwa iliyopo kati ya lava moja na inayofuata, wakapata kwamba milipuko mikubwa yote ilimalizika ndani ya miaka 600,000 hivi.

Chini kidogo ya lava ya kwanza, kwenye unene wa mzunguko mmoja tu wa mvua, chavua za miti mingi zinakoma. Zinazofuata ni mbegu za vumbi za kangaga, mmea wa kwanza kuota palipoharibiwa. Nyayo za wale jamaa wa mamba haziendelei juu. Juu ya lava, unyayo wa dinosauri unaonekana tena, na sasa ni mkubwa kuliko zote zilizotangulia.

Ndani ya miaka isiyozidi 20,000, Pangea ilibadilisha wenye nchi. Lakini lava ya kwanza tunayoiona Newark iko juu ya mstari huo wa vifo, si chini yake. Je, viumbe walianza kufa kabla moto haujawafikia?

Itaendelea Jumamosi ijayo.